Dramu Ndogo Iliyotembea Ukumbini

Tangu nilipoweka vijiti chini mwaka huu, vijana wanaopiga dramu kwenye bendi za Mbeya na Iringa wamekuwa wakiniuliza mambo mawili: nilianzaje, na kwa nini nimeacha wakati mikono bado ina nguvu. Swali la pili huwa nalikwepa. Mkiwa mmesimama barabarani ni rahisi kulikwepa. Unamuuliza mtu habari za mama yake, mazungumzo yanahama. Kwenye karatasi hakuna pa kukimbilia, ndiyo maana nimeona niandike. Habari za malipo waulizeni wenye kumbi. Wao ndio wanaozikumbuka kwa uchungu.

Nilizaliwa Kihesa, Iringa. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mtu wa suti moja na maneno machache. Aliongoza kwaya ya usharika kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na kwaya nzima ilikiogopa kidole kile. Nyumbani tuliimba asubuhi na jioni. Kinanda kiliruhusiwa. Dramu, kwa baba, zilikuwa mali ya baa, na hakuona haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Nilipomaliza darasa la saba nikapata kazi ya kubeba mizigo katika duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, la Bwana Mukesh. Siku ya kwanza kabisa karani wake alinituma: "Lazaro, peleka boksi hili la misumari juu." Nikapanda ngazi. Juu kulikuwa na ghala, mifuko ya saruji imepangwa mpaka karibu na dari, na nyuma ya mifuko kulikuwa na sauti kama mtu anayefagia kwa mpangilio. Nikachungulia. Bwana Mukesh mwenyewe, kafunga tai, miwani iko puani, amekaa nyuma ya seti ya dramu za bluu na anazipiga kwa brashi za waya. Wateja walikuwa chini wakibishana juu ya bei ya mabati, hakuna aliyesikia.

"Weka hapo," aliniambia bila kusimama. "Mlango usiubamize."

Baadaye alinieleza habari za dramu zile. Zilitengenezwa na kiwanda kidogo cha Italia ambacho jina lake sitaliandika, kwa sababu hata nikiliandika hamtalijua. Katika ujana wake aliziona kwenye picha, akazitamani, hakuzipata, kiwanda kikaacha kuzitengeneza. Miaka mingi baadaye kiwanda kikazitoa tena, umbo lile lile, rangi ile ile, na yeye akaziagiza akiwa tayari ana wajukuu. Zilikuwa ndogo. Kiki, yaani ile dramu inayopigwa kwa mguu, ilikuwa ya inchi kumi na nane tu. Siku hizi hata watoto wa kanisani wanapewa kubwa kuliko hiyo.

Yeye ndiye aliyenifundisha, na hakunifundishia kwenye dramu. Alinipa vijiti viwili akanionyesha mfuko wa saruji. "Piga hapa. Vumbi lisitoke." Jaribuni. Mfuko wa saruji ukiupiga kwa nguvu unatoa vumbi hapo hapo, na mimi nilitoka jioni nyingi nikiwa mweupe nyusi zote. "Vumbi likitoka, umepiga kwa hasira," alikuwa akisema. Siku nilipomaliza mapigo ya wimbo mzima bila vumbi kutoka, aliinuka kitini, akanikaribisha kwenye dramu kama mtu anayempisha mgeni mezani.

Mgongo wake ulipoanza kumsumbua, watoto wake wakamchukua akaishi nao ng'ambo. Duka likauzwa. Dramu akaniachia mimi. "Hizi si za uwanja wa mpira, Lazaro," aliniambia tukizifunga kwenye mashuka. "Ni za chumba. Usiziaibishe, nazo hazitakuaibisha." Nilimwitikia kwa heshima. Mtaona wenyewe jinsi pande zote mbili zilivyovunja makubaliano.

Nikahamia Mbeya na dramu zangu. Nyumbani habari zilifika haraka. Vijana wa mtaani Kihesa wakanipachika jina la Mpiga Debe, na mama akawa anapita njia ya nyuma kwenda kisimani. Baba hakunigombeza. Wageni wakija na mimi nipo likizo, alinitambulisha hivi: "Huyu yuko Mbeya, anajishughulisha." Wageni walitikisa kichwa kwa huruma. Mtu anayejishughulisha ni mtu ambaye hana kazi ya kutajwa.

Kule Mbeya nilipokewa kwenye bendi ya Atuganile, mwimbaji wa Kinyakyusa ambaye alikuwa pia kiongozi, mweka hazina na mpigania haki za wanamuziki wake mbele ya kila mwenye baa. Siku yangu ya kwanza tulipiga katika ukumbi mdogo Mwanjelwa, Jumapili mchana. Niliposhusha dramu, mpiga besi alizitazama, akatazama gari, akaniuliza:

"Nyingine ziko wapi?"

"Ndizo hizi."

Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa mpaka inateleza. Kufika wimbo wa pili, kila nikikanyaga pedali kiki ilisogea mbele kidogo. Nami nilisogea na kiti. Kufika wimbo wa tano nilikuwa nimempita mpiga gitaa. Atuganile aliimba mpaka mwisho, akatoka nje, akarudi amekumbatia tofali, akaliweka mbele ya kiki, akaendelea na wimbo unaofuata.

Kuanzia hapo nilijifunza ufundi wa mtu mwenye chombo kidogo. Tandikeni zulia, na kiti chenu kikae juu ya zulia hilo hilo, ili uzito wenu ulishike. Ndala iliyokatika msiitupe. Kata duara, toboa katikati, weka chini na juu ya sahani, ile ya shaba inayopigwa kwa kijiti, haitapiga kelele za chuma. Ngozi ya kiki ikivuma sana, pachika kanga kuukuu ndani, lakini isiijaze, maana dramu nayo inahitaji kupumua. Baridi ya Mbeya inalegeza sauti kwa namna yake na joto la Usangu kwa namna yake, kwa hiyo fika mapema, ziache dramu zikae zizoee hewa kabla hujakaza skrubu. Vijiti vyangu vya kwanza nilichongewa na seremala wa Mafinga kwa mti wa mkaratusi. Vilikuwa vizito kama mpini wa jembe. Msinunue vijiti kwa seremala wa madirisha.

Kazi ngumu kuliko zote katika miaka ile ilikuwa Rujewa, msimu wa mavuno ya mpunga. Wenye mashine za kukoboa walikuwa wanawafanyia sherehe watu wao, na wengine walikuja kutoka Madibira wakiwa wamejaa kwenye malori. Ukumbi ulikuwa bohari lililofagiliwa, paa la bati, makapi ya mpunga yakielea hewani kama nzi wadogo. Watu walikuwa wengi mno kwa dramu zangu. Tulipoanza, nikaona midomo inasema kitu. Wimbo ulipoisha nikasikia ni kitu gani.

"Dramu haisikiki!"

"Kaka, hiyo ni ndoo?"

Nilipata aibu ile ya kupanda shingoni. Nikaanza kupiga kwa nguvu zangu zote. Vumbi la makapi likaingia kwenye sahani za mguu, zile mbili zinazogonganishwa kwa pedali, zikaanza kukwaruza, na mimi nikazidisha. Katikati ya wimbo ngozi ya kiki ikachanika, mguu wangu ukazama ndani ya dramu na pedali yake. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kuna mzee mmoja alilazimika kushikwa na mwanawe. Nilikaa pale, mguu uko ndani ya dramu ya Bwana Mukesh, nikatamani bati lianguke.

Atuganile alichukua kipaza sauti. "Jamani, dramu imekula mguu wa kaka yetu. Mtusaidie kuimba wakati anauomba urudi." Akaanzisha wimbo wa kuitikiana, polepole, makofi tu. Bohari zima likaimba. Mimi nilikuwa chini napachika kipande cha gunia na solotepu, kichwa kimeinama, machozi yanaingia kwenye solotepu. Niliporudi kitini, aliinama karibu yangu.

"Kaka Lazaro, nani amekukosea?"

"Hakuna."

"Basi usipige kana kwamba yupo."

Baada ya Rujewa tuliacha mabohari. Tukachagua vibaraza vya hoteli, bustani za wageni, kumbi za harusi zisizo kubwa. Huko dramu zile zilikuwa nyumbani. Nilianza kuwaona watu wakila huku wakitikisa mguu bila kujua, na kwa mpiga dramu wa chumba hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Lakini hata huko aibu ilinifuata, na iliyo kubwa ilinikuta kwetu, Kihesa.

Mdogo wangu Neema alikuwa anaolewa na kijana wa Njombe. Upande wa bwana harusi ndio walioandaa karamu, na kamati yao ikaichukua bendi yetu kwa kuwa waliwahi kutusikia mahali. Hawakujua mimi ni nani. Neema aliponipigia simu aliniomba jambo moja: "Kaka, siku hiyo ukae na ndugu. Usikae na vyombo." Nikaahidi. Nikatafuta mpiga dramu wa kushika nafasi yangu, nikampata, tukafanya naye mazoezi. Asubuhi ya harusi akaamka na malaria, meno yanagongana. Hakukuwa na mwingine.

Baba alinikuta mlangoni mwa ukumbi nimebeba kiki, nimevaa shati la bendi, la zambarau lenye vitu vinavyometameta.

"Umekuja kama kaka au umekuja kazini?"

"Vyote, baba."

"Vyote havikai kiti kimoja," alisema, akaingia ndani.

Ukumbi ulikuwa mpya, vigae vimepigwa dawa mpaka unaona taa chini. Nilitandika zulia langu. Binti aliyepamba ukumbi akaja mbio. "Hapana kaka, hilo zulia litaharibu picha." Nikamweleza kuwa bila zulia dramu itatembea. Akanitazama kama mtu anayesimuliwa hadithi ya sungura, akalikunja akalipeleka stoo. Tofali nalo alilikataa. Ningebishana, lakini nilikuwa kaka wa bibi harusi niliyevaa shati la zambarau. Sikutaka watu wengi zaidi wanitazame.

Maharusi wakaingia. Ule wimbo wa kuingilia ni mrefu, na lazima upigwe mpaka wafike meza kuu. Pigo la kwanza kiki ikateleza. La pili, la tatu. Nikanyoosha mguu. Nikasogea mpaka nimekalia ukingo wa kiti. Dramu ilikuwa inakwenda zake meza kuu, na Neema na mumewe walikuwa wanatoka upande wa pili. Kila mtu mle ndani aliona kuwa watakutana. Vicheko vikaanza upande wa wageni wa Njombe. Simu zikainuliwa. Neema alikuwa ananitazama kupitia shela, na sijawahi kuona macho yanaomba kitu namna ile.

Ndipo baba akasimama kutoka meza ya wazazi. Muziki haukukatika, lakini maongezi yalikatika. Mwinjilisti anakwenda kwenye dramu! Nilijua anakuja kunizuia, na nikaona ni haki yake. Alivuka ukumbi taratibu na ile suti yake, akafika mbele yangu, akainua mguu, akauweka dhidi ya ukingo wa kiki. Akaisukuma dramu ikarudi mahali pake. Akasimama pale.

"Endelea," alisema.

Nikapiga. Kila nilipokanyaga pedali pigo lilimpanda mguuni. Niliona suruali inatikisika. Mshereheshaji hakuweza kujizuia: "Ndugu zangu, leo mzee wetu amekuwa jiwe kuu la pembeni!" Ukumbi ukalipuka. Baba hakucheka na hakukasirika. Alikuwa ameweka macho kwenye mikono yangu, mtu ambaye hakuwahi kuniona nikipiga hata mara moja, na hakuyaondoa mpaka maharusi walipokaa.

Mtu anaposimulia jambo kama hili watu husema, lo, lazima ulifurahi. Sikufurahi. Nilitamani kufa. Mzee aliyehubiri miaka yote juu ya baa alikuwa amefanywa kizuizi cha dramu ya baa, mbele ya wakwe, na mtu wa kipaza sauti anamfanyia utani wa Maandiko. Na ni mimi niliyemfikisha pale. Wakati wa zawadi nikaitwa na ndugu, nikasimama kwenye picha ya familia kama taa ya barabarani katikati ya suti nyeusi.

Jioni wakati wa kupakia, baba alikuja akashika upande mmoja wa kiki tukaibeba pamoja hadi kwenye gari. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikata.

"Watu walipoanza kucheka uliharakisha."

"Baba?"

"Mguu wangu ulikuwa unahesabu. Ulianza vizuri. Walipocheka ukakimbia. Hata kwaya hufanya hivyo, akiingia mtu wanayemwogopa." Akatua kiki kwenye gari, akafuta mikono kwa leso. "Mtu akikucheka, ndipo utulie."

Akarudi ndani kuaga wageni. Hatukuzungumza tena habari za dramu, naye sasa ni marehemu. Lakini ninyi vijana mnaonisifu kwa kuwa sikimbii wala sichelewi, mjue sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa na mfuko wa saruji na mguu wa mwinjilisti.

Sasa lile swali la pili.

Sikio langu la kulia lilianza kuondoka polepole, kama mgeni asiyetaka kuwaamsha wenyeji. Sahani zilikuwa upande huo. Miaka yote hiyo sikuwahi kuweka hata pamba masikioni. Nilidhani dramu ndogo haina madhara. Wekeni pamba, na kama mnaweza kupata vile vizibo vya mpira, wekeni vizibo. Kwangu kwanza ilipotea milio ya ndege asubuhi, halafu sauti za wajukuu. Nikaona ni uzee. Kwenye dramu niliamini niko salama, maana nilifikiri mapigo yapo mwilini, hayapo sikioni.

Jumapili moja mchana tulikuwa tunapiga kwenye kibaraza cha hoteli moja ndogo Mbeya, wageni kama meza kumi, mvua imetoka kunyesha. Katikati ya wimbo Atuganile aligeuka akanitazama. Alikuwa anaimba bado. Kisha akaanza kujipiga paja kwa kiganja, waziwazi, tap, tap, tap, kama unavyomhesabia mtoto anayejifunza kucheza. Sikuelewa. Nikalinganisha mkono wake na mkono wangu, nikaona haikutani. Mimi nilikuwa nyuma. Nikamfuata mpaka tukakutana, wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi.

Wakati wa mapumziko nilimfuata alipokaa, nyuma ya jiko, akinywa chai.

"Dada Atu, tangu lini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu Pasaka."

"Na wengine wanajua?"

"Besi anajua. Ndiyo maana siku hizi anasimama kushoto kwako. Gitaa anajua. Huwa tunakungoja, au tunakuvuta. Wageni hawajui."

Nikakumbuka miezi yote ile. Nikakumbuka vijana waliokuwa wanakuja kusimama karibu na jukwaa kunitazama, wakisema mzee Lazaro ni saa. Kumbe watu watatu walikuwa wanaizungusha mishale ya saa hiyo kwa mikono, na mimi nashukuru sifa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, kaka? Miaka yote hii wewe ndiye tunayemfuata." Alitazama ndani ya kikombe. "Leo umechelewa sana. Sikuweza kukungoja tena bila watu kujua. Nisamehe kwa kukupigia paja mbele za watu."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Nilimwambia nitakusanya vitu vyangu niondoke kimya kimya, wamalizie kwa magitaa. Akatikisa kichwa.

"Kipindi cha pili kipo na watu wameagiza chakula. Utaniangalia mkono."

Mpiga dramu hamwangalii mtu mkono. Ni wengine wote wanaomsikiliza yeye. Hiyo ndiyo kazi. Nilirudi kitini nikiwa na shingo moto kama siku ile ya Rujewa, nikaketi. Akasimama pembeni badala ya mbele, ili nimwone vizuri, mkono wa kulia na kipaza sauti, wa kushoto pajani. Nikaacha kujisikiliza. Nikapiga kila kiganja chake kilipotua, wimbo baada ya wimbo, rumba za kucheza watu wazima, laini, vumbi lisitoke. Wageni waliinuka meza kwa meza wakacheza kwenye vigae vilivyolowa mvua.

Tulipomaliza, mama mmoja na mumewe walikuja wakanipa mkono. "Mzee, leo umetuchezesha," mama yule alisema. "Bado upo vile vile."

Nilimgeukia Atuganile.

"Ndaga, mama, asante," Atuganile akajibu kwa niaba yangu. Mimi niliwapa mgongo, nikapiga magoti nyuma ya kiki, nikaanza kulegeza skrubu, moja moja, mpaka ngozi ikawa haina sauti.